Mchagua Jembe Si Mkulima? Huyu Anadai Mpini Tu

Mwaka juzi niliandika hapa hapa uhakiki wa kitabu kimoja cha hadithi za watoto. Sitakitaja leo, kwa sababu ninachotaka kusema hakihusu kitabu, kinahusu kosa langu. Hadithi niliisifu aya sita nzima. Picha nikazipa sentensi mbili. Ya kwanza ilisema rangi zinavutia. Ya pili ndiyo iliyonirudia: niliandika kwamba mistari ni migumu, haina pumzi, kana kwamba mchoraji alikuwa amechoka au hajali.

Wasomaji waliipenda sana ile sentensi. Wawili watatu wakaandika "umesema kweli". Wiki moja baadaye nikapata ujumbe wa sauti wa dakika nne. Ni mchoraji mwenyewe. Hakutukana. Aliniamkia vizuri, shikamoo kaka, akaniuliza habari za nyumbani, halafu akasema: "Kuchoka nilichoka kweli. Ila kutojali, hapana."

Nitamwita Fundi, maana hataki jina lake liingie kwenye ugomvi huu. Mkataba wake ulikuwa wa picha 24. Alikwisha kumaliza tisa pale kompyuta yake, laptopu ya mtumba, ilipojisasisha yenyewe usiku. Asubuhi akawasha, akashika kalamu, akagusa tableti yake ya kuchorea. Mstari ukatoka. Lakini ulikuwa mstari wa waya. Akibonyeza kwa nguvu, unene ule ule. Akigusa kama anapapasa shavu la mtoto, unene ule ule. Kalamu ilikuwa imekufa ganzi.

Akaondoa programu, akaipakua upya, bando likaisha. Akabadilisha waya. Akaenda kwa fundi wa Kariakoo, akaambiwa kalamu imekufa, nunua nyingine. Akanunua nyingine. Hali ile ile. Akampigia mchapishaji kuomba wiki mbili za ziada, akajibiwa kwa methali: mchagua jembe si mkulima, dada yangu. Basi akachora picha 15 zilizobaki kwa njia ambayo sikuwahi kuiwazia: kila unywele, kila pindo la khanga, aliuchora mara mbili, ukingo wa kushoto na ukingo wa kulia, halafu akajaza rangi katikati ili mstari upate unene na wembamba. Fikiria kuandika barua kwa kuchora kila herufi kama ramani. Wiki tatu, usiku na mchana.

"Kaka, hebu fungua tena kurasa za mwanzo," akaniambia. Nikafungua. Ukurasa wa saba kuna bibi anayepepeta mchele. Mgongo wake ni mstari mmoja tu, unaanza mzito kiunoni, unapungua, unaishia kama pumzi shingoni. Ukurasa wa 21 ni bibi yule yule, ametengenezwa kwa waya. Kitabu kimoja, mkono mmoja, bibi mmoja, na mimi mhakiki sikuona kwamba kuna kitu kimevunjika katikati. Nilisoma kitabu kizima nikidhani nimeona picha, kumbe nilikuwa nazipita tu.

Miezi mitano baada ya kitabu kutoka, kijana mmoja alikaa karibu na Fundi, akafungua mipangilio ya programu, akabadilisha chaguo moja, akafunga programu, akafungua. Kalamu ikafufuka. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya chungwa. Jamani! Wiki tatu za kuteseka, sifa ya mtu kuchafuliwa na mimi, na dawa ilikuwa kitufe kimoja kilichofichwa mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili timamu angekitafuta.

Hii ndiyo hoja yangu leo, na najua baadhi yenu mtauliza inahusu nini fasihi. Nasema hivi: namna programu za uchoraji zinavyozihudumia tableti za kuchorea ni jambo la fasihi, kama vile karatasi na uchapaji vilivyo mambo ya fasihi. Vitabu vya watoto vinavyotoka leo, vibonzo, majalada ya riwaya tunazozigombania hapa, sehemu kubwa vimepita kwenye ncha ya kalamu ya plastiki. Kalamu hiyo inapoharibiwa na uzembe wa watu walio mbali, anayelaumiwa ni mchoraji aliye karibu. Na wanaolaumu ni sisi.

Nianze na ile methali, maana imetumika vibaya muda mrefu. Mchagua jembe si mkulima inamkemea mvivu, yule mwenye majembe matano anayetafuta sababu ya kutolima. Haimhusu aliyeamka alfajiri, akafika shambani, akakuta jembe limechomoka mpini. Huyo hachagui jembe. Anadai mpini. Kumtupia methali mtu kama huyo ni kumnyamazisha kwa hekima ya kuazima.

Na tangu lini mwandishi au mchoraji akakatazwa kuchagua kalamu? Neno lenyewe kalamu tumelipokea kutoka Kiarabu, na chimbuko lake la mbali zaidi ni Kiyunani, ambako maana yake ni mwanzi. Wanakili wa misahafu wa Siyu, kule kisiwani Pate, na waandishi wa pwani waliohifadhi tenzi kwa hati za Kiarabu, waliandika kwa mwanzi uliochongwa. Ncha ikichongwa vizuri, mstari hunenepa upande huu, hukonda upande ule. Uzuri wote wa hati umo katika tofauti hiyo. Mwanzi ukichongwa ovyo, hati inakuwa ovyo, na hakuna aliyemwambia mnakili kwamba mchagua mwanzi si mwandishi. Waje wale wa wino na karatasi, waliotupa Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru na Ndumilakuwili kwenye jarida la Sani. Ukitazama katuni nzuri ya wino, utaona mkono: pale ulipoharakisha, pale ulipokazia, pale ulipocheka. Mchoraji anasema kwa mstari kama sisi tunavyosema kwa lafudhi.

Sasa tableti ya kuchorea inafanyaje kazi? Nitaeleza kwa ufupi, maana bila hili hatutajua wa kumlaumu. Kalamu nyingi za tableti siku hizi hazina hata betri. Ubao wenyewe hutengeneza uga wa sumaku, kalamu huujibu, na ubao hujua ncha iko wapi na imekandamizwa kiasi gani. Nyingine hujua hata mlalo wa kalamu. Habari hizo huingia kwenye kompyuta kupitia kiendeshi, au draiva kama wengi tunavyoita. Kiendeshi huzikabidhi kwa mfumo wa kompyuta. Mfumo huzikabidhi kwa maktaba ambayo programu imejengwa juu yake: Krita imejengwa juu ya Qt, GIMP juu ya GTK. Ndipo brashi inapata habari na kuchora. Kituo baada ya kituo, na kwenye kila kituo mzigo unaweza kudondoka.

Kinachodondoka kwanza kwa kawaida ni mkandamizo. Mahali kishale kilipo hufika salama, nguvu ya mkono haifiki. Programu inaona kitu kinachotembea na kubofya, inadhani ni kipanya. Kipanya wa kwenye katuni Watanzania tunampenda, lakini kipanya cha mezani hakijui kubembeleza mstari. Ukisoma boksi la tableti, hata ile ya bei nafuu, utakuta imeandikwa kwa mbwembwe: viwango 8,192 vya mkandamizo. Mzigo ukidondoka njiani, viwango hivyo vinabaki viwili tu: umegusa au hujagusa.

Kwenye Windows tatizo lina sura yake. Kuna njia mbili za kupitisha habari za kalamu. Ya kwanza, WinTab, ni ya tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Ya pili ni ya Microsoft wenyewe, iliyotangazwa mwaka 2016 kwa jina la Windows Ink. Kiendeshi kikizungumza kwa njia moja na programu ikasikiliza kwa nyingine, basi wamepishana kama watu wawili wanaosubiriana kwenye vituo viwili vya daladala. Hakuna ujumbe wa kosa. Hakuna anayekwambia lolote. Na ukiiwasha hiyo njia ya pili, unaweza kukutana na kile kiduara kinachojitokeza ukishikilia kalamu mahali pamoja, kwa sababu mfumo unadhani unataka kubofya kulia. Mchoraji anataka kuanza kope ya jicho kwa utulivu, mfumo unamfungulia menyu.

Mnadhani natia chumvi? Tazameni programu maarufu kuliko zote. Kwa miaka kadhaa, mtumiaji wa Photoshop kwenye Windows aliyetaka kurudi kwenye njia ya WinTab alitakiwa kuandika faili la maandishi kwa mkono, alipe jina maalumu, aweke ndani yake mstari usemao UseSystemStylus 0, kisha alifiche kwenye folda ya mipangilio. Programu ya kulipia kila mwezi! Mchoraji anaambiwa: kabla hujachora, andika. Na uandike kwa lugha ya siri, bila kukosea hata herufi.

GIMP nayo, ambayo wengi wetu tumejifunzia kwa sababu ni huria na bure, kwa miaka mingi ilikuwa na desturi ya ajabu. Ilikutaka uchomeke tableti kabla ya kufungua programu. Ukichomeka baadaye haikuitambua. Ukishaichomeka, ulitakiwa kwenda kwenye orodha ya vifaa, ukaikuta tableti yako imewekwa kwenye hali ya kuzimwa, na uiwashe wewe mwenyewe. Yaani mgeni amebisha hodi, mwenye nyumba kamsikia, lakini ameamua asifungue mpaka mgeni aingie kwa dirishani. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, likiwa limejengwa juu ya GTK mpya, limeondoa usumbufu wa kuchomeka kabla, na kwenye Windows linakuruhusu kuchagua njia ipi kati ya zile mbili. Naipongeza timu ile kwa dhati. Lakini hesabuni wenyewe: programu iliyozaliwa miaka ya 1990 imechukua muda gani kujifunza kufungua mlango?

Krita ndiyo inayonipa matumaini, kwa hiyo nitaisema kwa haki. Ni programu huria iliyowekwa kwa ajili ya wachoraji hasa, na jina lenyewe ni la Kiswidi, linahusu chaki na kalamu za rangi. Toleo la 3.3 la mwaka 2017 liliongeza uwezo wa kupokea kalamu kwa ile njia ya Microsoft. Toleo la 4.2 la mwaka 2019 lilikuja na marekebisho makubwa ya tableti kwenye Windows, Linux na macOS. Ndani ya mipangilio yake kuna mahali pa kuijaribu tableti: unachora, programu inakuonyesha inapokea nini. Hiki ndicho ninachokitaka kila mahali. Ni ushahidi kwamba inawezekana, na inawezekana kwa watu wanaofanya kazi kwa michango. Ila hata huko, kuchagua njia kumekaa ndani ya mipangilio, chini ya majina ambayo mtu asiye fundi wa kompyuta hayamwambii kitu, na ukishabadilisha ni lazima ufunge programu na kuifungua tena. Asiyejua kwamba tatizo lipo hapo hawezi kulitafuta hapo.

Sasa nizijibu hoja za upande wa pili, maana nimezisikia zote.

Hoja ya kwanza ni ya watengenezaji programu: kosa si letu, ni la kiendeshi. Mara nyingi ni kweli. Watengenezaji wa tableti nao wana lao: kosa si letu, ni la programu, au la Windows. Hilo nalo mara nyingine ni kweli. Ndovu wawili wakipigana, ziumiazo nyasi, na nyasi hapa ni Fundi na bibi yake wa ukurasa wa 21. Sidai programu irekebishe makosa ya kila kiwanda. Nadai itoe taarifa. Programu inajua kabisa kwamba imepokea mguso elfu moja na wote una nguvu ile ile moja. Hakuna mkono wa binadamu unaochora hivyo. Kwa nini isitoe sentensi moja tu: "Tunaona kalamu yako lakini hatuoni nguvu ya mkono wako, bonyeza hapa kujaribu njia nyingine"? Programu hizo hizo zina sauti ya kutosha kunitangazia toleo jipya kila mwezi. Zikose sauti kwa jambo hili?

Na viwanda visidhani vimepona. Wanaohangaika na viendeshi huria vya Linux wamekutana na kituko ambacho mtu angedhani ni kichekesho: kampuni ya Huion imetumia namba zile zile za utambulisho wa USB kwa tableti nyingi za aina tofauti. Ni kama mzazi mwenye watoto kumi akawaita wote Juma, halafu akamlaumu mwalimu kwa kuchanganya matokeo yao. Kiendeshi hakiwezi kujua aliyechomekwa ni nani kwa namba hiyo, mpaka kimhoji zaidi. Watu wa mradi wa DIGImend na wa OpenTabletDriver wamekaa wakichunguza tableti moja baada ya nyingine, kazi ambayo kiwanda kingeimaliza kwa kuchapisha kurasa chache za maelezo. Siku hizi baadhi ya viwanda vinatoa viendeshi vyao vya Linux. Ni hatua. Lakini kiendeshi kilichofungwa, kisichoweza kurekebishwa na mtu mwingine, kinakufaa mpaka siku kiwanda kitakapochoka nacho. Sisi tunaotumia vifaa kwa miaka kumi tunaijua siku hiyo.

Hoja ya pili ni ya wenye nacho: nunua tableti ya gharama, matatizo yataisha. Hii husemwa na watu ambao hawajawahi kuona mkataba wa mchoraji wa vitabu vya watoto. Wanataja Wacom, kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1983, na ni kweli vifaa vyake vinaheshimika na programu nyingi zimezoeana navyo. Lakini hapo ndipo penyewe. Programu zimezoeana navyo kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo mezani kwa watu waliozitengeneza na kuzijaribu. Ubora tunaousifia kwa kifaa cha bei, sehemu yake ni ubora wa kujulikana. Tableti ya bei nafuu nayo ingejulikana kama kuna mtu angeiweka mezani. Tableti zilizojaa maduka yetu, na zilizojaa mikononi mwa vijana wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, si zile za bei. Programu inayofanya kazi vizuri kwa mwenye fedha na kubahatisha kwa asiye nazo imechagua wasomaji wake wa baadaye watachorewa na nani.

Hoja ya tatu inaniuma zaidi kwa sababu inatoka kwa vijana: mbona sisi tunachora kwa kidole kwenye simu na mambo yanakwenda? Nawavulia kofia. Nimeona kazi zilizochorwa kwa ibis Paint kwenye simu iliyopasuka kioo, ambazo wengi wenye studio hawazifikii. Lakini kidole kwenye kioo cha simu hakina mkandamizo wa kweli, na ninyi mmejenga mtindo unaoendana na hilo: mistari iliyo sawa, rangi bapa, vivuli vikali. Ni mtindo halali na mmeuchagua. Fundi hakuuchagua. Alinyang'anywa mkono wake kitabuni katikati, kati ya picha ya tisa na ya kumi. Mshairi anayeacha vina kwa hiari si sawa na aliyepokonywa vina na mashine ya kuchapia.

Hoja ya nne: programu huria ni za bure, mnadai nini tena? Hii nitaijibu kwa unyenyekevu, maana wanaozitengeneza, wengi wao kwa kujitolea, wametupa zawadi ambayo hatujailipia. Mwaka 2017 shirika lililo nyuma ya Krita lilipata msukosuko wa kodi kule Uholanzi, na ni michango ya watumiaji iliyolisaidia kuvuka. Sijui wangapi kati yetu tuliotumia vitabu vilivyochorwa na programu kama hizo tulitoa hata shilingi. Mimi sikutoa. Kwa hiyo madai yangu hayana ukali wa mteja. Ni madai ya mwanakijiji kwenye kisima cha kijiji: maji ni ya wote, na kamba ikikatika ni haki yangu kusema, na ni wajibu wangu kushika ncha moja tunapoiunga.

Basi nasema tunataka nini, ili nisionekane mlalamikaji asiye na orodha.

Kwanza, tableti ikichomekwa, programu iulize mara moja: gusa hapa polepole, sasa gusa kwa nguvu. Ikiona tofauti, inyamaze. Isipoona, ijaribu njia nyingine yenyewe, au imwonyeshe mchoraji kitufe cha kuibadilisha bila kufunga kazi. Pili, mipangilio ya mkono wa mtu, ule mchirizi unaoeleza kwamba huyu hukandamiza kwa nguvu na yule ana mkono mwepesi, ihifadhiwe mahali ambapo sasisho halitaifuta, na mtu aweze kuihamishia kompyuta nyingine. Fundi alichukua miezi kuupata wa kwake. Ulipotea usiku mmoja. Tatu, matoleo yajaribiwe kwa tableti za bei nafuu na kwa kompyuta dhaifu kabla ya kutoka, siyo baada ya malalamiko. Nne, viwanda vichapishe maelezo ya vifaa vyao na viache kuwaita watoto wote Juma. Tano, maelezo ya kutatua matatizo yaandikwe kwa lugha ya mtu anayechora, siyo ya mtu anayeandika programu.

Hiyo ya tano ndiyo inayotuhusu sisi, watu wa maneno. Mfumo wa kuripoti hitilafu za Krita unaendeshwa kwa Kiingereza. Mchoraji wetu akikwama, anakuwa na kazi mbili: kuelewa tatizo, kisha kulitafsiri. Wengi wanaishia njiani, na tatizo lisiloripotiwa, kwa mtengenezaji aliye mbali, halipo. Halafu tunashangaa kwa nini tableti zetu hazipewi kipaumbele. Hazijawahi kusikika! Krita ina namna ya kurekodi kila kinachopokelewa kutoka kwenye kalamu. Rekodi hiyo pamoja na maelezo mafupi ya aina ya tableti, mfumo na toleo vina thamani kuliko malalamiko mia ya kwenye mitandao. Mwandishi anayejua Kiingereza na mchoraji mwenye tatizo wakikaa pamoja nusu saa, ripoti imekwenda. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wachapishaji nao nina neno nao. Mkataba unaompa mwandishi nafasi ya kusahihisha prufu mara mbili, unampa mchoraji nini? Chombo chake kikiharibika bila kosa lake, wiki mbili za ziada si hisani. Mngempa Fundi wiki mbili, kitabu chenu kingekuwa na bibi mmoja badala ya wawili. Mliokoa siku 14, mkapoteza picha 15.

Na sisi wahakiki. Tumezoea kuandika "picha zinavutia" kama tunavyoandika "nawasilisha" mwishoni mwa barua. Mtoto wa miaka mitano, ambaye ndiye msomaji halisi wa vitabu hivi, anasoma picha kwanza. Anajua kitu kimebadilika ukurasa wa kumi hata kama hana neno la kukisema. Mimi nilikuwa na maneno yote na sikuona. Tujifunze kuutazama mstari: umeanza wapi, umekonda wapi, mkono ulikuwa na haraka au utulivu. Na tukiona umekufa, kabla ya kuandika kwamba mchoraji hajali, tumuulize. Siku hizi kupiga simu ni rahisi.

Ule uhakiki wangu bado upo. Sikuufuta, kwa sababu kufuta ni kujificha. Nimeweka juu yake maelezo ya kusahihisha, nikitaja picha tisa za mwanzo moja moja, na nimeeleza kilichotokea baada yake kwa ruhusa ya mwenyewe. Fundi ameyasoma, akanirekebisha mahali pawili. Kwa sasa tunaandika pamoja mwongozo mfupi wa Kiswahili: tableti yako imepoteza mkandamizo, ufanye nini, hatua kwa hatua, kwa Krita na GIMP, Windows na Linux. Mwenye tableti ya aina yoyote ya bei nafuu atuandikie kwenye maoni hapo chini: aina gani, kompyuta gani, programu gani, inafanya kazi au haifanyi. Tukipata majibu ya kutosha tutayapeleka kwa Kiingereza kunakohusika, na jibu litakalorudi tutalileta hapa kwa Kiswahili.